Salamu Isiyofika Mwisho

"Mara tatu!" nilimwambia. "Wiki hii peke yake Baba Sakhr amekusalimu mara tatu, nawe umempita kama nguzo ya umeme. Umekuwa bubu?"

"Sikumsikia."

"Mwokaji yule akipiga chafya anasikika ng'ambo ya bonde. Usinidanganye, Khaldun."

Nikimwita mume wangu kwa jina lake badala ya Baba Mutasim, anajua hakuna mzaha. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanipa mgongo, anabadili shati. Mimi nilikuwa bado na mkate wa moto mkononi.

"Unajua kaniambia nini mbele ya foleni nzima? 'Mama Mutasim, mumeo alitolewa nyongo au alitolewa ulimi?' Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Mji mzima huu wa Salt unasema tumeanza kuringa kwa sababu mtoto wetu anaoa."

"Waseme."

"Salamu, Khaldun! Hata mtu uliyegombana naye unamwitikia salamu."

Nikaweka mkate mezani, nikalichukua lile shati alilovua ili nilipeleke kwenye kapu la nguo. Lilikuwa limelowa. Ulikuwa mwezi wa tatu, ile baridi inayokaa ndani ya kuta za mawe, na mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta mbili.

"Jasho la nini?"

"Nimetembea. Si mlisema nitembee?"

"Tulisema dakika kumi na tano, pale uwanjani, tambarare, mbele na nyuma. Jasho hili si la tambarare. Nionyeshe mikono."

"Mimi si mwanafunzi wako."

"Nionyeshe."

Akaigeuza mikono. Kiganja cha kulia kilikuwa na kutu, mstari mzima wa rangi ya mdalasini kutoka kidole mpaka kifundo. Kule uwanjani hakuna chuma cha kushika. Sokoni hakuna. Mtaa wetu wote una chuma kimoja tu chenye kutu, nacho ni kile cha ngazi zinazopanda kwenda kwa Mama Haitham.

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa na nguo za kupiga pasi. Nilizikalia tu.

Ngazi zile ni mia na kumi na nane. Zina vibaraza vitano vya kupumzikia, na gari halifiki. Kesho yake, Ijumaa baada ya swala ya alasiri, wanaume wetu thelathini walikuwa wakusanyike chini yake na kupanda kwenda kumposea mwanangu Mutasim binti wa Mama Haitham, Tuqa. Kwetu baba wa kijana hupanda mbele, bega kwa bega na msemaji wa posa. Hatangulizwi kwa punda wala hangojwi nyuma. Na kule juu msemaji huwekewa kikombe cha kahawa, hakigusi mpaka aambiwe, "Kunywa kahawa yako, mmepewa." Kila mtu anamtazama baba wa kijana wakati kikombe kile kinapoa.

Wiki saba kabla ya hapo, madaktari kule Amman walikuwa wamempasua Khaldun kifua, wakachukua mshipa wa mguuni mwake, wakaushonea moyoni mahali palipoziba. Yule binti wa mazoezi hospitalini, Sajida, alinipa karatasi. Mimi nina diploma ya maabara, miaka ishirini na miwili ninaangalia maabara ya shule ya wasichana, na najua karatasi ya maelekezo haiandikwi kwa kupamba. Niliibandika kwenye friji. Wiki ya kwanza nyumbani, chumba hadi chumba. Kisha dakika tano nje, kisha kumi, kisha kumi na tano. Asibebe kitu kizito kuliko birika la chai. Akikohoa akumbatie mto. Ngazi, mkondo mmoja tu, kibaraza hadi kibaraza, kisha akae. Na chini kabisa Sajida alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Akitembea lazima aweze kusema. Akishindwa kumaliza salamu, amezidisha. Asimame.*

Niliisoma karatasi ile kila asubuhi nikitoa maziwa. Na bado nilikuwa nimesimama chumbani nikimgombeza mtu kwa kutojibu salamu.

"Nijibu mimi," nikamwambia. "Asalaam alaikum."

"Acha utoto, Mama Mutasim."

"Asalaam alaikum."

"Wa alaikum salaam," akasema, "warahmatullahi waba..."

Akavuta pumzi. Alikuwa amekaa kitandani zaidi ya dakika kumi, na bado neno lile lilikatika katikati kama uzi. Akalimalizia baadaye, taratibu, akitazama sakafu.

"Ndiyo maana humjibu Baba Sakhr," nikasema.

"Nikimjibu nusu atajua. Bora anione sina adabu kuliko anione sina pumzi."

"Umefika ya ngapi?"

"Jumatatu ya arobaini. Jana sabini. Leo tisini na kitu."

"Kisha?"

"Kisha nikakaa."

"Ulikaa au ulianguka?"

Akafunga kifungo kimoja cha shati, akakifungua, akakifunga tena. "Nilikaa haraka."

Sikupiga kelele. Nilikwenda jikoni nikampigia simu Sajida. Aliuliza maswali yake kwa kasi, nami nikawa namuuliza Khaldun kupitia mlangoni: kifua kinauma? Hapana. Ulizimia? Hapana, kizunguzungu tu. Mapigo? Nikaenda nikamshika kifundo cha mkono nikahesabu mwenyewe. Sasa yalikuwa yametulia.

"Mama," Sajida akasema, "huyo anafanya kwa wiki moja mambo ya miezi miwili. Anarudi kwenye tambarare leo hii, na Jumapili unaniletea nimpime. Akiumwa kifua kabla ya hapo, usinipigie mimi, mpeleke hospitali moja kwa moja."

"Na kesho? Kuna ngazi mia na kumi na nane."

"Akipanda mkondo mmoja, akakaa dakika tano, akapanda mwingine, huku anaongea, atafika. Akipanda na wanaume wanaoshindana, sikubali. Hao jamaa zenu hawajui kwamba ni mgonjwa?"

Nikamwambia nashukuru, nikakata simu.

Hawakujua. Hakuna aliyejua isipokuwa sisi watatu, mimi, yeye na Mutasim, na aliyepanga hivyo ni mimi.

Majira ya mvua yalipoanza, miezi kadhaa kabla ya upasuaji, nilikwenda kwa Mama Haitham kunywa kahawa ya kwanza, ile ya wanawake, ya kuonana kabla wanaume hawajaambiwa kitu. Ni mwanamke wa maneno machache. Mumewe alikufa akiwa na miaka arobaini na minne, moyo ulisimama akiwa anafunga duka. Akaniambia, akinimiminia: "Dada, mwanao nimempenda. Neno langu ni moja. Nimelea watoto wanne peke yangu. Binti yangu sitampeleka kwenye nyumba yenye ugonjwa wa moyo, akaja kuwa mimi."

Wakati huo Khaldun alikuwa tayari na tarehe ya kupasuliwa. Na ndugu yake Hazim tulishamzika kwa moyo huohuo akiwa na hamsini na moja, ila alifia Kuwait, na watu wa hapa waliamini ni ajali. Ningeweza kusema pale pale. Nilikunywa kahawa yangu, nikasifu vikombe, nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba Baba Mutasim anakwenda kutolewa mfuko wa nyongo.

Uongo wa nyongo una tatizo lake. Shangazi yake Sakhr alitolewa nyongo, na siku ya tatu alikuwa anakunja wali kwenye majani ya zabibu kwa wageni ishirini. Kwa hiyo kila wiki aliyochelewa Khaldun kupona ilihitaji maelezo. Mtu wa nyongo hakai kwenye kibaraza cha pili akihema. Nilimtungia ugonjwa mwepesi kuliko wake, naye akawa anakimbia ili alingane nao.

Nilirudi chumbani. Alikuwa amelala chali, mkono juu ya kovu.

"Sajida amesema nini?"

"Ukipanda na wanaume, hukubaliwi. Ukipanda na kukaa, unakubaliwa."

"Nikikaa wataniuliza."

"Ndiyo."

"Basi nitapanda. Mara moja tu, mke wangu. Nusu saa ya kuvumilia. Nimebeba mifuko ya saruji ngazi zile nikiwa kijana, miwili miwili."

"Na nani alikuwa anakufukuza? Kitu kikichemka, Khaldun, hukiongezi moto ili kimalize haraka. Kinapasuka. Nimefagia vioo miaka ishirini na miwili."

"Mimi si chupa."

"Chupa ingekuwa imeshanisikia."

Akacheka kidogo, akashika kifua, akaacha kucheka. Nikampa mto akaukumbatia. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, ile inayonitisha kuliko kelele: "Mutasim amemngoja yule binti miaka mitatu. Nikikaa kwenye ngazi, mama yake ataona. Ataona tu, yeye ameshaishi na mtu mwenye rangi hii ya uso. Unataka nimharibie mwanangu?"

"Na ukifia kibaraza cha nne ukiwa na kanzu ya posa? Hapo utakuwa umemtengenezea?"

Nje Baba Sakhr alikuwa anamsalimu mtu mwingine, na mtu yule alimwitikia yote, mpaka mwisho.

Nikafungua droo ninayoweka vyeti vya hospitali. Nikatoa bahasha ya Mutasim. Daktari wa baba yake ndiye aliyeagiza apimwe damu na moyo, na nilimsindikiza mwenyewe. Moyo wake ni mzima. Mafuta kwenye damu yamezidi, si sana, anakunywa kidonge kila jioni. Sigara ameacha. Hayo ndiyo yaliyoandikwa, hayazidi wala hayapungui.

"Unakwenda wapi na bahasha hiyo?"

"Kwa Mama Haitham."

Akajaribu kuinuka kwa kujisukuma na mikono, jambo alilokatazwa, nikamshika begani nikamlaza. "Intisar. Ukitoka mlango huo umemvunjia mwanao ndoa. Posa ni kesho! Nimewaalika watu thelathini!"

"Nitawaambia thelathini wabaki kwao, kama itabidi. Mdomo ninao."

"Mpigie Mutasim kwanza. Ndoa ni yake."

Hapo alikuwa na haki. Nikampigia mwanangu, yuko kazini Amman. Nilimwambia maneno matatu: tisini, kutu, salamu. Kisha nikamweleza.

"Mama, akikataa?"

"Atakuwa amekataa."

"Ulituambia tunyamaze."

"Nilikosea. Sasa naenda kusema. Unanizuia?"

Nilisikia anavuta pumzi, ndefu, ya kifua kizima cha kijana. "Nenda," akasema. "Usiseme nilikuwa sijui. Sema nilijua."

Nikavaa koti, nikafunga kitambaa cha kichwa, nikamwachia Khaldun simu na glasi ya maji karibu. "Usiamke. Mamumunya yaliyojazwa yako jikoni, Mama Sakhr atakuja kuzima moto, nimemwita."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba umepasuliwa moyo. Nimeanza na jirani, ili nisiweze kurudi nyuma."

Nilipita mbele ya tanuri. Baba Sakhr akafungua mdomo, nikamwahi: "Hana pumzi, ndiyo maana. Kesho utamsalimu tena, na umngoje amalize." Nikamwacha na sepetu yake mkononi.

Ngazi nilizipanda bila kusimama. Kwa hasira, nadhani, au nilijua nikikaa kwenye kibaraza kimoja nitapata sababu ya kushuka. Kwenye ngazi ya tisini hivi niliiona kutu ya chuma imefutika mahali pamoja, pana kama kiganja. Nikapita.

Mlango ulikuwa wazi. Mama Haitham alikuwa amekaa na sinia mapajani, anapangusa vikombe vya kahawa vya kesho, kimoja kimoja. Nikasimama kizingitini.

"Asalaam alaikum wa..." Pumzi ikanikatikia. Nilishika mwimo wa mlango.

"Dada! Unakimbizwa na nini?"

Nikainua mkono anisubiri. Nikahema mpaka koo likafunguka, nikaianza salamu upya, nikaifikisha mwisho. Akaniitikia yote. Kisha nikasema, nimesimama hivyohivyo:

"Khaldun hakutolewa nyongo. Amepasuliwa moyo, wiki saba zilizopita. Ndugu yake naye alikufa kwa moyo. Nilijua siku ile uliponipa kahawa, nikakunywa nikanyamaza. Mume wangu alinyamaza kwa ajili yangu, mwanangu alijua na alinyamaza kwa sababu nilimwamuru. Vipimo vyake viko humu, msomee binti, mpeleke kwa daktari yeyote mnayemtaka. Mkisema tusije, watu wangu nitawaambia jioni hii. Mkisema tuje, atakuja polepole, na nitahitaji kiti kwenye kila kibaraza."

Kitambaa kilisimama ndani ya kikombe. Nyuma ya pazia la jikoni maji yaliyokuwa yakitiririka yalifungwa; Tuqa alikuwa anasikia. Mama Haitham hakunitazama mimi. Aliitazama bahasha, kisha ukuta wenye picha ya mumewe, kisha vile vikombe, kama anayehesabu iwapo vinatosha.

"Alitembea mwenyewe?" akauliza mwishowe. "Baada ya kupasuliwa. Aliweza kutembea mwenyewe?"

"Siku ya nne. Hatua sita, kitandani hadi dirishani."

Akaweka sinia chini.

"Wangu hakupata hata hizo," akasema. Sauti yake haikuwa na huruma wala hasira, sikuweza kuisoma. "Usisimame mlangoni. Ingia uniambie yote, kuanzia ile siku ya kahawa."

Nikavua viatu, nikaingia.