Chui Aliyeshika Kiuno

Jumapili iliyofuata sherehe za Uhuru, kanisani Karungu, watu walisimama mmoja mmoja kueleza walivyouishi mwaka unaokwisha na watakayofanya katika ule unaokuja. Mambo hayo yalifanywa mapema, kwa sababu Krismasi ikishapita nusu ya waumini huwa hawawezi kusimama. Wengi waliahidi kuacha pombe. Mwaka jana waliahidi vivyo hivyo, kwa maneno yale yale.

Zadock, mchora mashua, alipoinuka, upara wake uling'aa kama sufuria mpya. Brashi ilikuwa nyuma ya sikio, maana hata mbele ya Mungu hakuitoa. Akakunjua karatasi ya kalenda, akasoma alichokuwa ameandika upande wake wa nyuma.

"Kwa miaka kumi na mmoja nimechora furukombe, kiboko, mamba, jogoo na chui. Nimekaa, nimefikiri, nimeona aibu. Wote ni wale wale, kama maharagwe ya debe moja. Kuanzia Januari, sitarudia kitu nilichowahi kuchora. Kila mashua itapata kitu kilichotoka kichwani mwangu."

"Kichwani mle?" ikasema sauti kutoka mabenchi ya wanawake. "Basi mashua zitakwenda tupu."

Kanisa lilicheka hadi mhubiri akajificha nyuma ya Biblia. Sauti ilikuwa ya Phelesia, mke wa Walter, kaka yake Zadock. Yeye na Zadock hawakupatana tangu siku Phelesia alipoletwa bomani kama bibi harusi, akaona kiboko wa Zadock, akauliza ni nani aliyechora nguruwe aliyevimba.

Zadock alitembea nyumbani peke yake, akipiga mawe teke. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kiboko yule alikuwa nguruwe kweli. Alijua. Na kama mwaka huo mpya nao ungepita akiwa bado anachora nguruwe, basi angekufa akiwa mtu wa kupaka mbao rangi tu, na Phelesia angesema hivyo juu ya kaburi lake.

Mashua tano zilikuwa zimevutwa nchi kavu kuzibwa nyufa na kupakwa rangi za mwaka mpya. Zadock akawaendea wenyewe, mmoja mmoja.

"Nchi imepata bendera mpya," alimwambia kila mmoja. "Wewe unataka kuingia majini na ndege wa babu yako? Wenzako wote wameshachagua kitu kipya. Umebaki wewe."

Kwa wa kwanza huo ulikuwa uongo mtupu. Alipofika kwa wa tano, ulikuwa umeshakuwa kweli.

Akachora meli yenye mabawa. Akachora saa ya mkono kubwa kuliko mlango wa kanisa, na samaki aliyepanda baiskeli. Ng'ombe aliyevaa miwani alitoka vizuri mno, hata mbwa wa ufukweni walimbwekea siku tatu, na ya nne fahali wa jirani alikuja kumposa. Mashua ya Walter ndiyo iliyokuwa na chui tangu enzi za baba yao. Zadock alimfuta yule chui bila huruma, akaweka tarumbeta lenye miguu.

Hakuwauliza wanawake. Haikumpitia akilini.

Ufukweni pale kila mama muuza samaki alikuwa na mashua yake ya kununulia. Asubuhi walisimama majini hadi magotini, vikapu mkononi, wakitazama mbali. Matanga yote yalikuwa meupe, mbao zote sawa. Mnyama aliyechorwa ndiye aliyemwambia mama akimbilie wapi, na kikapu cha kwanza kuingia ndicho kilichochukua samaki. Wanyama wale walikuwa wamezuia ngumi kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwashukuru.

Tarehe mbili Januari, mashua zilirudi kutoka ziwani. Phelesia alitafuta chui. Hakukuwa na chui. Aliona kitu chenye miguu minne, akasema labda, akakimbia. Alikuwa ng'ombe mwenye miwani, na hapo akakutana na Truphena aliyekuwa akitafuta kiboko wake. Wakavutana kikapu mpaka kikabaki mpini. Wengine nao walishikana vitambaa vya kichwa mbele ya mashua ya saa. Samaki mmoja, kamongo, alirudi ziwani kwa miguu katika vurugu hiyo, na aliyemwona hakuwa amelewa. Tarumbeta likatia nanga mwisho kabisa wa ufuko, ambako wachuuzi wa Isebania walijaza samaki wote wa Walter, ngege watupu, kwenye lori, wakaondoka wakipiga honi.

Phelesia alimkuta Zadock bandani akisafisha brashi kwa mafuta ya taa.

"Shemeji, umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Kumbuka ladha yake." Akaupiga mkebe wa rangi teke. "Wanawake tumekaa kikao. Unazo siku saba, kila mnyama arudi mahali pake. La sivyo, hakuna kikapu kitakachoingia kwenye mashua uliyoigusa. Tuone nani atakupa mashua ya kugusa."

"Hiyo ni kazi ya kichwa changu."

"Kichwa chako kimenirudisha nyumbani na mpini wa kikapu."

"Hujui uzuri wewe."

"Najua chui! Awe na madoa, awe na mkia, nimwone kutoka mbali. Mengine sitaki kujua."

Wenye mashua, waliojivuna wiki nzima, sasa walipita bandani bila kumtazama usoni. Zadock akafuta. Saa ikaenda, meli ikaenda, baiskeli ikaenda. Ng'ombe alimwacha mwisho, akamfuta kuanzia mkiani ili asione miwani ikimtazama. Kisha akaitoa kalenda aichane. Akaisoma tena. Madoa, mkia, aonekane kutoka mbali. Mengine hataki kujua.

Akairudisha kalenda mfukoni, akaenda kwenye mashua ya Walter.

Siku ya saba ufuko mzima ulikuja kukagua. Chui alikuwa amerudi. Alisimama kwa miguu ya nyuma. Mkono mmoja ameshika kiuno, wa pili ameunyoosha kama anayekataa bei. Jicho la kushoto amelifumba, mdomo ameuvuta upande. Hivyo ndivyo mtu fulani alivyosimama kila asubuhi mbele ya samaki, na hapakuwa na mtoto Karungu asiyemjua mtu huyo.

Walter alikohoa, akaenda kukagua upande wa pili wa mashua, akakaa huko huko.

"Huyu ni nini?" akauliza Phelesia.

"Chui, shemeji. Ana madoa. Ana mkia. Rudi nyuma umtazame kutoka mbali."

"Mbona ameshika kiuno?"

"Mengine ulisema hutaki kujua."

"Yawa, hata jicho!" Truphena akapasuka kwa kicheko.

Phelesia akageuka polepole. "Jicho la nani?"

Truphena akatazama miguu yake. Wote wakatazama miguu yao. Phelesia akapiga hesabu. Akisema amechorwa yeye, ndiye atakayekuwa wa kwanza kulitamka. Akaondoka na kikapu chake kitupu.

Jioni Truphena alizunguka nyuma ya banda akanong'ona: kiboko wake, je, hawezi kununa kama mama mkwe wake? Kesho yake mwingine akaja kuhusu jogoo na mume wake. Zadock akaanza kuandika maombi yao mgongoni mwa kalenda, nafasi ikaisha, akaomba kalenda nyingine.

Siku ya tatu akaja Phelesia mwenyewe, na mkebe wa rangi nyekundu alioununua kwa Mhindi wa Migori.

"Mbele ya chui wangu," akasema, "chora kuku anayekimbia. Ana upara. Ana brashi nyuma ya sikio."

"Kuku hana masikio."

"Huyu anayo. Si ulisoma kanisani kwamba unacho kichwa?"

Zadock akafungua mkebe. Akatoa brashi nyuma ya sikio, akaichovya. Phelesia akamsimamia, mkono kiunoni, jicho moja amelifumba, hadi unyoya wa mwisho.

"Upara bado mdogo," akasema. "Ongeza."