Mtu Ndani ya Bomba la Mashine ya Kukaushia

Kila asubuhi Kitinda alitoa shuka la kwanza kwenye mashine ya kukaushia, akaliweka shavuni. Ndivyo alivyofundishwa na dada yake, kwamba joto huudanganya mkono. Leo shuka lilimlowesha hadi shingoni. Alilirudisha, akangoja, akalijaribu tena. Bado maji.

Meneja wa hoteli akaita fundi. Fundi akasafisha chujio, akakagua mkanda, akaweka kiganja mlangoni mwa mashine.

"Joto lipo," alisema. "Hewa ndiyo haitoki."

Akaivuta mashine, akalegeza bomba la nyuma. Lilipaswa kupita ukutani na kutema vumbi la nguo nje, lakini nje palikuwa na meza za wageni, na wageni walikuwa wamelalamika kwamba manyoya ya nguo yanaingia kwenye chai. Hivyo meneja alikuwa ameamuru liishie humo humo chumbani, kando ya meza ya kukunjia. Fundi akamulika ndani kwa tochi.

"Kuna mtu humu."

Alikuwa dada yake Kitinda, aliyekufa kwa kifua masika yaliyopita. Alikaa amekunja magoti, manyoya ya mashuka yamemjaa mapajani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekaa pabaya. Hebu jisogeze nipitishe brashi."

"Nikisogea, vumbi litamwingia mdogo wangu."

Meneja akainama, akachungulia. "Huyu si tulimzika? Tena gari nilitoa mimi."

"Ukuta utobolewe tu, bosi," fundi alisema. "Si kazi kubwa."

"Halafu wageni wanywe manyoya? Atoke yeye. Kitinda, mwite, wewe atakusikia."

Juu, vitanda vilikuwa vitupu na wageni wapya wameshafika. Kitinda akatazama sakafu.

"Dada, njoo."

Akatoka taratibu, akajikung'uta, akasimama penye meza ya kukunjia, pale pale pake pa zamani. Fundi akapitisha brashi, akarudisha bomba lilivyokuwa. Mashine ikaunguruma vizuri na manyoya yakaanza kuelea chumbani. Shuka lililofuata lilitoka kavu kama karatasi. Kitinda akalibana shavuni, akakohoa. Dada yake akashika ncha mbili, wakaanza kukunja.

"Si mnaona?" meneja alisema. "Sasa mko wawili, kazi itakwenda."

Kitinda akakohoa tena, safari hii mpaka akainama.

"Kibaridi tu hicho. Kunywa maji ya moto," meneja alisema.

Maneno hayo hayo aliwahi kumwambia dada mtu. Na siku ya msiba, meneja alipouliza marehemu aliugua nini hasa, Kitinda alijibu kuwa ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu kesho yake alitakiwa kurudi kazini.

Meneja alikuwa akimsindikiza fundi mlangoni. Dada alisubiri, ncha zake mkononi.

"Si baridi, bosi," Kitinda alisema, kwa sauti iliyoushinda mngurumo wa mashine. "Ni bomba lako. Ndilo lililomuua dada, na sasa linaniua mimi."