Sauti ya Simu

Mama yetu alikuwa na sauti mbili. Moja ya kutuitia chakula na kutukaripia, nyingine ya simu. Simu ikilia alivua aproni kwanza, akajishika nywele, ndipo akainua mkono wa simu na kuanza kuongea kama mke wa mkuu wa mgodi. Sisi watu wa Skelby, kijiji cha wachimba makaa kaskazini mwa Uingereza, kama wenzetu wote wanaoizunguka Barnsley, herufi H hatuitamki, tunaiacha mlangoni na viatu. Basi mama akiwa kwenye simu alizirudisha H zote alizoziacha wiki nzima, na zilizomzidi akazipachika hata pasipo pake. Daktari alikaribishwa kwa sauti hiyo, na kasisi pia. Sisi watoto tulijificha nyuma ya kochi tukicheka mpaka mbavu zinauma, kisha tulipokua tukawa vilevile. Mweke mtu wa kwetu mbele ya chombo chochote cha kunasa sauti, anageuka mtu mwingine.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyowakuta kaka zangu, Irvin na Cyril. Mimi ni Noreen. Nilizaliwa katikati yao, na katikati yao nimebanwa mpaka leo.

Irvin alipata ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaonyong'onyeza misuli mmoja baada ya mwingine. Kwake ulianzia ulimini. Hospitali walimwambia akarekodi sauti yake mapema, ingali nzima, ili baadaye iwekwe kwenye mashine imsemee. Akasema atakwenda wiki ijayo. Irvin ni mtu wa wiki ijayo tangu tumboni. Siku alipokwenda, maneno yake yalikuwa yameshakuwa kama ya mtu aliyetoka kung'olewa meno, na mashine haikuweza kufanya nayo kitu.

Wakampa mashine hiyohiyo na sauti ya dukani. Unaandika kwa kidole, yenyewe inasema. Bi Harriet, mtaalamu wa usemi, mama wa watu mpole kutoka kusini, alikuja nyumbani kumfundisha. "Jaribu, Irvin," akamwambia. "Omba chai."

Irvin akaandika. Jamani! Mashine iliomba chai kama msoma habari wa taifa, kila neno limepigwa pasi na kukunjwa. Irvin akaizima. Akachukua ubao wake mdogo wa plastiki na kalamu ya wino wa kufutika, akaandika: HUYO MENEJA.

Hapo ndipo tulipokwama. Watu waliokuwa wakiongea hivyo mgodini ni wale waliovaa kofia nyeupe na kushuka chini mara moja kwa mwaka kuwaambia wanaume wetu wanachimba polepole. Irvin akaandika kwamba afadhali afe bubu. Mtu angesema maringo, lakini mimi nilikuwa namwelewa. Kila Jumapili mchana tangu akiwa kijana alikuwa akienda klabu ya wachimbaji kucheza dhumna, na dhumna kwetu huchezwa kwa mdomo kuliko kwa mkono. Ni kuchokozana mwanzo hadi mwisho. Ukisubiri kuandika tusi lako ubaoni, ukimaliza, mchezo umeshakwisha na waliokuchokoza wamekwenda chooni. Akajaribu mara mbili na ubao wake, kisha akaacha kwenda. Mwanamume aliyekuwa na mdomo kushinda kijiji kizima akawa anashinda dirishani anatazama mapipa ya taka. Iliniuma, nasema wazi.

Bi Harriet akaniambia njia bado ipo. Mashine inaweza kulishwa sauti ya mtu mwingine. Anatakiwa mwanamume wa umri wake, wa hapahapa, awe radhi kukaa na kusoma sentensi nyingi mbele ya maikrofoni. "Hana ndugu?" akauliza.

"Anao wawili. Mmoja ni mimi."

Nilijitolea kwanza mimi mwenyewe. Irvin akaandika: SITAKI KUONGEA KAMA NOREEN. Asante sana, kaka. Mwanawe yuko London na anaongea kama televisheni. Marafiki zake wa mgodini, vumbi limewala mapafu, hawamalizi sentensi bila kukohoa.

"Na huyo ndugu wa pili?" Bi Harriet akauliza. Hakujua. Nyumbani kwa Irvin jina hilo halikutajwa, alikuwa akiitwa "yule", na kwetu hilo ni jambo zito. Kwetu mtu wa damu yako hatajwi hivihivi. Ni Noreen wetu, Irvin wetu, hata paka ni wetu. Cyril naye alikuwa Cyril wetu mpaka ule msimu wa baridi wa mgomo mkubwa, wachimbaji wamekaa nje karibu mwaka mzima, ndipo akarudi kazini kabla ya wenzake, ndani ya basi lililozibwa nyavu za waya madirishani. Irvin alikuwa getini pamoja na waliokuwa wakilizomea. Alizomea na yeye. Zaidi ya miaka thelathini imepita tangu siku ile. Wanakaa mitaa miwili tu mbali, na wakikutana dukani mmoja hugeuka kusoma makopo ya maharage. Klabu Cyril hajakanyaga tena. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumfukuza, na wala haikuhitajika.

Na hao ndio watu wenye sauti moja! Mama mwenyewe, wakiwa vijana, mtu akiita uani gizani hakuweza kujua ni yupi. Ile u yetu nzito, midomo imesogezwa mbele, mahali ambapo watu wa kusini hufumbua mdomo. Ile a fupi katika neno la Kiingereza la maji, inayotua kama kiganja juu ya meza. Na kile kineno kidogo cha Kiingereza, "the", kinachotangulia majina ya vitu, ambacho wenzetu hukitamka chote. Sisi tunakimeza, kinabaki kituo kidogo tu kooni, kama mtu aliyesita kwenye ngazi. Mgeni hakisikii kabisa. Bi Harriet alikuwa akikisikia, namsifu kwa hilo, na ndiye aliyeniambia kwamba mashine haiwezi kukibuni, lazima ikipate kwa mwenye nacho.

Nikaenda kwa Cyril. Nilimkuta mlangoni anakwangua tope kwenye buti.

"Irvin hana sauti," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Wanaitaka ya kwako."

Akaendelea kukwangua. "Kasema yeye?"

"Hajui."

"Hee! We Noreen, unakitafuta kifo."

"Utakwenda au huendi? Nimeacha nguo kwenye kamba na mvua hiyo inakuja."

Alikwenda. Hakuniambia, lakini nilimwona kituo cha basi amevaa suti ya mazishi na tai, nywele zimelazwa kwa maji. Ile tai ningepaswa kuiona kuwa dalili, lakini sikuwaza. Alikaa kwa Bi Harriet siku kadhaa akisoma sentensi za nyuki, za treni, za shangazi aliyenunua kofia.

Bi Harriet alipoileta mashine, tulikuwa sebuleni kwa Irvin. Akaiwasha. Ikasema, "Habari za asubuhi. Mimi naitwa Irvin."

Loo! Zile H zote zilikuwapo, na nyingine mbili tatu za ziada. Kila kineno kimetamkwa chote, kimesimama wima kama mtoto siku ya ubatizo. Bi Harriet akashangaa kwa nini nimejifunika uso na kitambaa cha vyombo. Irvin mabega yalikuwa yanamtikisika, maana cheko lake halina sauti tena. Kisha yakaacha kutikisika. Aliijua. Ilikuwa sauti ya simu ya mama, na duniani walibaki watu watatu tu walioweza kuitoa.

Akaandika: YULE?

"Ndiyo, yule," nikasema. "Ulitaka nani, Malaika Gabrieli? Amevaa na tai, kwa ajili yako."

Alikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Nilidhani ataniandikia nitoke. Akaandika: MLETE.

Cyril alikuja na ileile tai. Hawakusalimiana. Bi Harriet akapanga vyombo vyake mezani, maikrofoni katikati, Irvin upande huu kwenye kiti chake cha magurudumu, Cyril upande ule na karatasi zake. "Soma tu kawaida," akamwambia. Maskini, hajui kwetu neno hilo linavyomkaza mtu. Cyril akakohoa kidogo, akanyoosha shingo, na mama akatoka tena kaburini kupokea simu.

Irvin akainua ubao: SOMA KAMA MTU.

"Nasoma kama mtu," Cyril akasema, akiwa bado kwenye sauti ya simu.

Irvin akafuta, akaandika neno moja, akalielekeza upande wa pili wa meza. MSALITI.

Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Cyril alilitazama lile neno. Karatasi akaziweka chini.

"Msaliti?" akasema. "Ulikuwa unaota moto wa nani, mpumbavu we? Mama analala na koti, anakohoa usiku kucha, barafu iko ndani ya kioo cha dirisha, ndani! Wewe uko getini unapiga kelele. Nani alimpelekea makaa? Alikwambia eti kayaokota mwenyewe kwenye lundo la mgodi! Na miguu yake ile? Wenye kazi tu ndio waliokuwa wanapata makaa, na mimi nilirudi kazini nikayapata, nikampelekea na toroli nyuma ya nyumba kama mwizi, akaniapisha nisikwambie maana alijua ungeyamwaga barabarani. Na wewe ukaja Jumapili ukavua viatu. Nilikuwa jikoni, nilikusikia! Ukanyoosha hiyo miguu yako mikubwa ukasema, moto mzuri huu, mama. Moto mzuri!"

Hakuna H hata moja iliyosikika humo. U zilikuwa nzito, vile vineno vimemezwa vyote, na alimwita Irvin kwa ule "wewe" wetu wa zamani ambao humwambii mgeni wala mkubwa wako wa kazi, unamwambia mtu uliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Mimi nilikuwa natazama kapeti. Moto ule niliuota hata mimi.

Bi Harriet hakugusa chombo chake. Taa yake nyekundu ya kurekodi ilikuwa bado inawaka.

Irvin akafuta ubao kwa mkono wa sweta, akarudia mahali palepale mara ya pili ingawa palikuwa peupe tayari. Kisha akaandika: ENDELEA KUSOMA.

Cyril akaziokota karatasi. Akazisoma zote, nyuki na treni na shangazi na kofia yake, kama mtu anayegombana na jirani juu ya ua. Hakuna aliyemzuia.

Ndiyo maana mashine ya Irvin ina hasira. Hata akiomba chumvi, utadhani umemkanyaga. Lakini ni mtu wa Skelby anayeomba chumvi, na Irvin siku ya kwanza aliiomba mara nne bila kuwa na chakula mbele yake.

Jumapili iliyofuata akataka kwenda klabu. Gari lenye nafasi ya kile kiti ni la Cyril. Njiani hawakusema kitu, si yule mwenye mashine, si yule mwenye mdomo. Cyril akaegesha nje, nikamsukuma Irvin mpaka mlangoni, na Cyril akabaki ameshika usukani.

Ndani walimshangilia. Wakaondoa kiti kimoja kumpisha, wakampangia meza ya dhumna. Leonard wa kaunta akauliza, "Haya, mzee, nikupe nini?"

Irvin akaandika. Mashine ikasema, "Bia chungu, Leonard, na povu lako baki nalo mwenyewe."

Wale vijana wakacheka. Wazee hawakucheka. Walt, aliyekuwa na Irvin getini ule msimu wa baridi, alikuwa ameinua dhumna yake, akabaki nayo hewani. Akageuka kutazama mlango, na wenzake wakageuka. Mama alizichanganya sauti zao, lakini watu waliofanya kazi nao chini gizani walizitofautisha, na ya Cyril ilikuwa haijasikika chumbani mle tangu mgomo.

"Hiyo si yako," Walt akasema.

Irvin akaivuta mashine karibu.

"Izime hiyo, Irvin. Bora ile ya meneja."

Sauti ya meneja ilikuwa bado mle ndani ya mashine, Bi Harriet aliiacha kwa dharura, ni kubonyeza mara moja tu. Irvin akainamisha kichwa. Alikuwa akiandika kwa kidole kimoja tu, tena polepole, na chumba kizima kikawa kinakingoja. Leonard alikuwa ameshika bomba la bia bila kulivuta.

"Na moja," mashine ikasema, kwa hasira ileile ya kuombea chumvi, "ya Cyril wetu."

Walt akaiweka dhumna mezani, uso chini. Leonard akaitazama meza ya kamati ya klabu, akaona hakuna anayemtazama, akachukua glasi ya pili.

Nikatoka nje. Cyril akashusha kioo.

"Ameshatukanwa?" akauliza.

"Unaitwa ndani. Bia yako inamiminwa."

"Nani kaniita?"

"Irvin. Wamekusikia wote."

Akajitazama kwenye kioo cha gari, akajishika nywele vilevile kama mama. "Noreen," akasema, "nivue tai?"

"Vua."

Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya dashibodi, akashuka.