Mstari wa Ndani

Jina la Kipipa alipewa na mama yake mzazi, tena kwa mapenzi, eti. Alikuwa mtoto mnene, mama akasema, "Jamani mwoneni kipipa changu," watu wakacheka, jina likaganda kama gundi ya viatu. Sasa ni msichana mkubwa, ana cherehani yake na wateja wake wawili watatu pale mtaani, na bado ni Kipipa. Hata kwenye simu ya dada yake ameandikwa hivyo, na kipicha cha ngoma pembeni.

Basi, dada akapata mchumba. Siku hiyo Kipipa anaosha vyombo, povu limemfika viwikoni, dada akaingia jikoni anachezea simu.

"Harusini utasimama na mimi," akasema, macho bado kwenye simu. "Wewe ndiye msimamizi. Gauni shona mwenyewe, kitambaa nimeshanunua."

Wee! Sahani nusura imponyoke. Uelewe kwanza: kwenye nyumba ile sebule imejaa picha za familia, ukutani, juu ya kabati, mpaka kwenye friji. Kipipa hayumo hata moja. Si kwamba hakuwepo. Alikuwepo, ila ndiye aliyepewa simu apige. "Wewe una mkono mtulivu," mama humwambia. Sasa leo anaambiwa asimame katikati kabisa, bega kwa bega na bibi harusi! Alifuta mikono kwenye gauni la nyumbani akamkumbatia dada yake na mapovu yake yote.

"Utanilowesha bwana," dada akasema.

Kitambaa chenyewe kilikuwa satini ya kijani, nzito, ukiimwaga mezani inateleza kama kiumbe hai. Kilikuwa kipande hicho hicho tu, jora limeisha dukani. Kipipa hakutaka kubahatisha. Akanunua pateni, ile bahasha yenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, unazibana kwa pini juu ya kitambaa kisha unakata. Gauni la kwenye bahasha lilikuwa la kubana, kiuno kimeingia, nyonga zimetoka, mpasuo mdogo nyuma. Mtego mtupu.

Sasa, karatasi za pateni huwa na saizi zote pamoja. Mistari imezungukana, mmoja ndani ya mwingine: wa nje kwa wanene, wa ndani kabisa kwa wale wanaokula kama ndege. Unajipima, unatafuta mstari wako. Kipipa alijifungia chumbani akajipima kifua, kiuno, nyonga, bila kuvuta tumbo. Futi haina huruma, lakini haina matusi pia. Mstari wake ulikuwa wa pili kutoka nje. Akaupitia kwa kalamu nyekundu, mzito, hata kipofu angeupapasa. Akabana pini. Kushika mkasi, ndipo akakumbuka zipu.

"Mama, natoka kidogo nikachukue zipu. Meza yangu msiiguse."

"Nani ana shida na meza yako?" mama akajibu. Mama naye alikuwa fundi enzi zake, fundi haswa, kabla hajachoka na watu.

Aliporudi, zipu mkononi, mama alikuwa amesimama mezani anapuliza nyuzi kwenye mkasi. Satini yote imekatwa. Kifua, mgongo, mikono, kila kipande kimepangwa vizuri mahali pake.

"Nimekusaidia," mama akasema. "Maana wewe kwa kujivuta, dada yako atajifungua kabla gauni halijaisha."

Kipipa alishika kipande cha mgongo. Kimekatwa safi, hakuna pembe iliyoyumba. Mstari wa ndani kabisa.

"Mama! Mbona umekata huku? Mimi nilichora kwa wino mwekundu!"

"Mistari imejaa kama njia za siafu, na macho yangu ndiyo haya."

"Mama, hili halinipiti hata mabegani!"

"Sasa unanililia mimi?" Mama akaweka mkasi chini taratibu. "Nguo ikishakatwa imekatwa. Mwili ndio unaopungua. Funga mdomo, utaingia."

Mtu mwingine angetupa zana. Kipipa alikaa, akalia kidogo, akapenga kamasi, akaanza kufikiri kifundi. Alikuwa na bitana nyeusi. Akakata vipande virefu, akaviingiza ubavuni pande zote mbili kuanzia kwapani mpaka pindoni, akapiga bandi, mishono ya kushikiza tu, akavaa. Jamani, lilitoka! Ile nyeusi ubavuni kama kivuli, kiuno kikaonekana, ungedhani ndio mtindo wenyewe. Akatoka sebuleni anatembea kwa madaha, anacheka peke yake.

Dada alimwangalia juu mpaka chini.

"Hivyo viraka vya nini?"

"Si viraka, ni mtindo. Ngoja nigeuke uone."

"Usigeuke." Dada akamtazama mama, mama akatazama dirisha. "Sikia mdogo wangu, usinielewe vibaya. Harusi inapita, picha zinabaki. Nikisimama na wewe nitaonekana nimeegemea kabati. Gauni atavaa binamu, binti wa shangazi. Saizi yake ndiyo hiyo."

"Hiyo ipi?"

"Aliyokata mama."

Kipipa akamgeukia mama yake. "Kumbe yale macho mabovu mliyapanga wote wawili?"

"Ungeshona kwa moyo huo kama ungejua ni la mwingine?" dada akajibu badala ya mama. "Fundi wa nje anaringa, na hakuna anayeweka zipu kama wewe. Toa viraka, malizia. Siku yenyewe utatupiga picha."

Na mama, kwa sauti ya kubembeleza kabisa: "Una mkono mtulivu, Kipipa wangu."

Binamu alikuja kupima akiwa na furaha ya mtoto. Kasichana kembamba, kapole, hata kwao huvaa nguo walizochoka dada zake. Alipoona satini alishika mdomo.

"Dada, hii ni yangu mimi? Sijawahi kushonewa nguo maishani mwangu, nakuapia." Halafu akashusha sauti. "Waliniambia umekataa mwenyewe kusimama, kwamba huna raha na macho ya watu. Kama ni uongo, niambie. Navua sasa hivi."

Pini zilikuwa mdomoni kwa Kipipa. Angeweza kuzitema akasema. Akatikisa kichwa, kwamba si uongo.

"Geuka," akasema kupitia menoni.

Nguo ya kubana ina siri moja ambayo kila fundi anaijua: mtu akikaa, nyonga hutanuka. Ndiyo maana pateni huachia nafasi kidogo pale, na fundi mwenye akili humpima mteja amesimama, kisha humwambia akae. Kipipa hakumwambia binamu akae. Alichukua ile nafasi yote, akaibana kwa pini, akaibana tena. Na mshono wa nyuma chini ya zipu, unaopigwa mara mbili kwa hatua fupi fupi, yeye aliupiga mara moja kwa hatua ndefu, kama mtu anayeshona gunia.

"Dada, inabana kidogo."

"Ndiyo mtindo."

Binamu akajitazama kwenye kioo, kiuno kama nyigu, macho yakamjaa machozi. "Mungu akubariki mikono hiyo," akasema.

Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya barabara, wakaenda kwa miguu. Binamu alipita mlangoni nyuma ya bibi harusi, ukumbi mzima ukapiga miluzi. Kipipa alikuwa na simu, akapiga picha, nzuri kweli kweli. Moyo wake ulikuwa unamwenda mbio kama cherehani tupu.

Kisha mshereheshaji akasema, "Wapendwa, tukaeni."

Dada akakaa. Bwana harusi akakaa. Binamu akashuka taratibu, anatabasamu, mikono imeshika kiti, na kabla hajafika, krrrrp! Sauti ilifika mpaka kwa wapishi. Satini ilifunguka kutoka zipu mpaka pindoni, bitana nayo, na kilichokuwa ndani kilikuwa chupi kuukuu, imeshikizwa pini ubavuni.

Vijana wa meza ya nyuma walicheka mpaka wakagongana vichwa. Simu zikainuliwa. Dada, badala ya kumfunika, akasogeza kiti chake mbali. "Toka basi, unaniharibia!" Binamu akatoka mbio, mikono nyuma, anagonga meza za watu.

Kipipa alisubiri afurahi. Alikuwa amejipangia furaha hiyo tangu zile pini. Haikuja.

Mama ndiye aliyekuja. Alikuwa ameokota kipande cha uzi wa kijani pale chini ya kiti, anakipima kwa vidole. Akakaa kando ya Kipipa.

"Hatua ndefu," akasema polepole. "Na hukumkalisha."

Mama akachekea puani, akamwekea Kipipa mkono begani, mkono ambao hakuukumbuka begani kwake tangu utotoni.

"Nilidhani hukurithi kitu kwangu."

Shangazi akafika, anahema, mtandio umemwanguka shingoni. "Mwanangu kajifungia chooni, hataki mtu yeyote, anakuita wewe tu. Anasema dada ndiye anayeijua nguo hii, ataishona. Una sindano?"

Sindano ilikuwa kwenye pochi, na uzi wa kijani. Kipipa akainuka nusu. Mkono wa begani haukumsukuma wala kumvuta, ulibaki pale pale, una joto.

"Sina," Kipipa akasema, akakaa.