Kidevu Changu na Kibano cha Bibi

Wanawake wa ukoo wetu huota ndevu. Nalisema mapema tusije tukazungushana. Si ndevu za kufuga, ni chache tu, nyeusi, ngumu, zinachomoza chini ya kidevu kama zimetumwa na adui. Bibi Fuatino, mama yake mama, alitoka nazo kisiwani Savai'i, Samoa, akaja nazo huku Logan, Australia, nami Pelenatete nikazirithi. Wenzangu wamerithi mashamba.

Jumamosi alasiri, magimbi ya kesho yakishamenywa na nazi zikishakunwa, Bibi alitandika mkeka barazani, akapigapiga paja lake, nami nikalaza kichwa. Utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimng'oa mvi, kama watoto wote wa kwetu wanavyowafanyia wazee wao. Nilipovunja ungo, zamu ikageuka. Alinipapasa kwa kidole gumba, maana macho yake yalishaanza kuingia ukungu, akaushika udevu kwa kibano, akaunyofoa. Mimi nasema aii. Yeye anapuliza kibano, anasema, “Huu mkaidi.” Huko nje jirani anakata majani, mlio wa mashine unakuja na kuondoka, mikono ya Bibi inanukia mafuta ya nazi, na mimi sijui tena kama nimelala au niko macho. Kitandani sijawahi kupata usingizi wa namna ile.

Ila Jumamosi haidumu wiki nzima, na mimi kazi yangu ni kaunta ya duka la dawa. Kufikia Alhamisi ndevu zimesharudi. Siku moja mteja alipokea dawa zake za presha, akanitazama kidevu badala ya macho, akasema asante bwana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni ile ile nikaenda kwa Despina.

Despina ni Mgiriki mwenye miwani minene, na kazi yake ni kuua nywele kwa sindano ya umeme. Anaipenyeza sindano kwenye tundu la udevu, anakanyaga pedali, shina linaungua, basi, hauoti tena. Mmoja, halafu mwingine. Alinitajia bei ya nusu saa, akasema itachukua mwaka na ushee. Nikapiga hesabu kichwani, nikaliona gari nililokuwa nikiliwekea akiba likiondoka bila mimi. Nikakubali. Akanionya nisinyofoe hata mmoja, kwani sindano hufuata udevu uliosimama.

Bibi aliposikia bei alicheka mpaka akashika mbavu.

“Yaani huyo mama anakutoza hela zote hizo kwa kazi ninayokufanyia bure? Mlete hapa nimfundishe.”

Nikamwambia rahisi ghali. Akanijibu kwamba ghali nayo ni ghali.

Jumamosi iliyofuata nikajilaza pajani pake kwa mazoea tu, nikamwambia leo tunapumzika. Usingizi ukanichukua. Nilipoamka kidevu kilikuwa laini kama kipande cha sabuni, na Bibi ametabasamu kwa fahari. Amenipunguzia gharama, alisema. Zikiwa chache, na Mgiriki atachukua kidogo.

Despina akaniwashia taa usoni, akatafuta, akaizima. Hapakuwa na cha kuchoma. Nusu saa nililipa yote, maana ilikuwa imetengwa kwa jina langu.

Ikabidi nimweleze Bibi taratibu: asiniguse kidevu mpaka kazi iishe. Hakubisha. Alifuta kibano kwa upindo wa kanga yake, akakitia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuzi na vifungo.

“Haya. Basi mikono yangu imestaafu,” alisema.

Mkeka aliendelea kuutandika. Mimi nikawa napita jikoni nikijifanya nina shughuli, kwa kuwa nilijua nikilala pale vidole vyake vitakwenda vyenyewe. Yeye anakaa, viganja juu ya mapaja, anasikiliza mashine ya jirani. Nilimkosa Bibi, naye yuko ndani ya nyumba ile ile.

Mwaka ule nililala kwa Despina. Sindano inachoma, joto linatambaa, taa inageuka jua la alasiri, kitanda kinageuka mkeka, na mimi katikati ya ndoto nasema aii na kungoja pumzi ipulizwe. Haiji. Pedali inalia tu. Despina aliniuliza mara kwa mara kama naumia sana, nikawa namwambia hapana, endelea.

Siku Despina aliposema kazi imekwisha, nilirudi na kidevu ambacho hata mimi nilikishangaa. Jumamosi yake nikafungua kopo la biskuti. Macho ya Bibi wakati huo yalikuwa yakitambua mwanga wa dirisha tu. Nikamtia kibano mkononi, nikalaza kichwa.

Kidole gumba kikazunguka, kikarudi, kikazunguka tena. Kilikawia. Niliogopa kweli kweli. Nilijua atasema hapa hapana kazi, ataniondoa kichwa pajani polepole, na utakuwa mwisho wetu.

Kidole kikatua mahali palipo patupu kabisa. Kibano kikabana hewa. Akakipuliza.

“Huu mkaidi,” alisema. “Mgiriki wako kausahau.”

Nikasema aii.