Miti Minne ya Mpakani

Tangu pikipiki mbili zilipozimwa mbele ya nyumba yake asubuhi ile ya Agosti, Kavuo hakuwa na raha. Lévi, mtoto wa kaka yake, alishuka akicheka, pamoja na wenzake watatu kutoka Butembo, wamejifunga makoti utadhani baridi ya Masereka inaua watu. Walibeba kuku wa kukaanga, chupa za juisi na redio ndogo.

"Tantine, tulikuya kutembea tu. Ni vakanse, masomo imefungwa!"

Kutembea! Mtu mwenye akili zake timamu aache mji na maduka yake, ameze vumbi njia nzima, aje kutazama viazi? Kavuo aliwapa viti, akawapa na chai, lakini moyo ulikataa. Miaka sita Lévi hakuwahi kukanyaga pale, hata kwenye matanga ya mume wa Kavuo hakuonekana. Na habari za vijana wa mjini wanaouza mashamba ya wazee wao wangali hai, nani hakuwa amezisikia?

Tena shamba hilo lilikuwa limemtoa jasho. Mwaka mzima aligombana na jirani yake Kitsa juu ya kipande cha chini, kando ya kijito, penye udongo mweusi unaotoa vitunguu hata wakati wa kiangazi. Kipande hicho ndicho kilichomlisha. Mwezi wa Aprili mzee Syauswa, aliyekuwa akikata kesi za ardhi pale kilimani, aliwaita wote wawili, akachomeka kwa mkono wake vipande vinne vya mti wa mpaka, ule mwembamba ambao ukikatwa na kuchomekwa ardhini unaota. Ukishasimama, hakuna wa kuuvuka. Karatasi haikuandikwa, na shahidi mwingine hakuwepo. Mwezi wa Juni mzee Syauswa akazikwa.

Basi Kavuo aliketi mlangoni akimenya viazi, macho kwa wageni. Msichana mmoja aliyeitwa Bénite alizunguka na simu akipiga picha: kijito, shamba lote, juu hadi chini. Lévi naye alihesabu hatua kwenye nyasi, akaweka jiwe, akahesabu tena. Ati wanapima uwanja wa mpira! Kavuo alicheka kwa meno tu.

Aliingia jikoni kuchochea moto. Alipotoka, kisu kilimponyoka mkononi. Katikati ya shamba lililopumzishwa ilisimama miti minne ya mpaka, imechomekwa pembe nne, na Bénite alikuwa akikunjua kitenge.

"Munafanya nini pale?" Kavuo alipiga kelele, akishuka mbio.

"Ni ya kivuli, tantine," alisema Lévi. "Tunafunga kitenge juu, jua isitupige tukikula."

"Kivuli na muti ya mupaka? Unanifanya mi mujinga?"

Wale vijana walitazamana. Mti wa mpaka ni nini? Kwao mjini mpaka ni ukuta wa matofali. Lakini Kavuo aliona mshangao wao kuwa ni ujanja mtupu, na hasira ikampanda hadi kichwani.

Kitsa alitokea upande wa kijito, panga begani, sauti ya upole. "Mama Kavuo, pole. Batoto ya mujini, unabaamini? Leo banachomeka muti, kesho banakuya na karatasi ya bureau ya ardhi."

"Lakini papa Kitsa," Lévi alianza, "hii miti tuliikuta kule chini, ni weye..."

"Nyamaza!" Kavuo alimkata. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana alimshukuru Kitsa moyoni: kumbe jirani ni jirani. Aling'oa mti mmoja mmoja, na Kitsa akaikatakata yote kwa panga, akavitupa vipande kijitoni. Kisha Kavuo alimgeukia Bénite.

"Na zile foto. Futa. Zote!"

Alisimama naye bega kwa bega, akikodolea kile kioo, mpaka picha ya mwisho ikatoweka. Vijana wakafunga kuku wao bila kumwonja, wakaondoka. Lévi hakuaga.

Alasiri, moyo umetulia, Kavuo akashuka kuchuma kitunguu cha mboga. Akafika kando ya kijito, akasimama. Miti ya mzee Syauswa haikuwepo. Hata mashimo hayakuonekana, kwa sababu Kitsa alikuwa ameshalima, na udongo mbichi ulikuwa umevuka mpaka hadi katikati ya vitunguu vyake. Alitoa simu, akampigia Lévi.

"Lévi, mwana yangu. Ile miti mulitoa wapi?"

"Karibu na kijito, tantine. Papa Kitsa ndiye alituonesha. Alisema ni fimbo tu, tuchukue. Nilitaka kukuambia, ukanifunga kinywa."

"Na yule binti. Zile foto za asubuhi, huku chini, mbele ya kutoa miti. Hakuna hata moja ilibakia?"

Ngurumo ya pikipiki ilisikika kwenye simu.

"Hapana, tantine. Ulisema zote. Ulisimama pale mpaka ya mwisho."

Upande wa pili wa vitunguu Kitsa alinyoosha mgongo, akaegemea jembe, akainua mkono kumsalimia.