Kitambaa cha Mpakani

Tulikuwa tumeshaianza njia ya milima, kutoka jimbo la Mino kurudi kwetu Shinano, Nemaro akichechemea nyuma. Kodi ya majora ya katani tulikwisha kuifikisha mji mkuu. Kurudi ni juu yako, hakuna anayekulisha. Kwenye kituo chini ya mlima, Ishitari alimwombea Nemaro, rafiki yake, farasi.

"Farasi hupewa mwenye kengele ya serikali. Yako iko wapi?" mlinzi akauliza.

"Mzee, si unauona mguu wake?"

"Mguu nauona. Kengele sijaiona."

Tukaendelea kupanda. Nemaro akakaa chini, akavua ndara zake za mabua. Kisigino kilikuwa kimepasuka, damu na tope.

"Ishitari, nipe kile kitambaa nijifunge."

Kitambaa hicho alikifuma Mushime, mkewe Nemaro, tumpe mungu wa kilele kwa niaba ya kundi letu zima. Pale majimbo mawili yanapokutana, hakuna anayevuka mikono mitupu. Alikibeba Ishitari, maana Nemaro hupoteza vitu.

"Hiki si chako, ni cha mungu."

"Mungu ana kisigino, bwana wee?"

"Nyamaza! Unataka atuue?"

Nemaro akacheka, akajifunga majani. Sisi wengine tukashika njia.

Kileleni vitambaa vya wasafiri vilikuwa vimerundikana kama nguo chafu, vimeoza kwa theluji, vingine vimekanyagwa na farasi. Ishitari alisimama na kile cheupe mkononi. Angeweza kugeuka, ampe Nemaro. Akakiweka juu ya lundo, akashuka bila kumtazama mwenzake.

Mguu ulivimba hadi pajani. Nemaro tulimzika kando ya barabara, ndani ya Shinano.

Mushime alitupokea mlangoni, macho yamevimba. Habari ilikuwa imetutangulia.

"Shemeji, mungu wa kilele alikipata kitambaa changu?"

"Alikipata."

"Ulimpa wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Afadhali. Mume wangu hakuvuka mikono mitupu. Ahsante, shemeji. Kaa, nikupe uji wa mtama."

Ishitari aliinamisha uso bakulini, akaubakiza humo hata uji ulipokwisha. Mushime akadhani ana njaa bado, akamwongeza.

Mushime aliolewa tena, ng'ambo ya mto. Mlinzi wa kituo alikufa mwaka wa ndui. Ishitari, zamu yake ya kubeba kodi ilipofika tena, alitoroka. Nasikia analima mashamba ya watu huko jimbo la Kai. Mimi bado napita kile kilele. Lundo limeongezeka.